Alichosikia Ditrick

Mwanangu Skola,

Marahaba. Naitika mapema kwa sababu najua ukiikunjua karatasi hii, hata ukiwa kwenye basi kati ya watu usiowajua, midomo yako itasema shikamoo kabla macho hayajaanza kusoma. Mama yako ndiye aliyekulea hivyo. Mimi nilikuwa wa kupokea tu.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala za kufunga mlango, wala za madereva wa malori na maneno yao ya asali. Hayo mama yako amekwisha kukuambia, na kesho atayarudia mpaka kondakta agonge bodi. Mimi nina jambo moja, nalo unalijua. Juzi ulinishikia ngazi nikishusha antena yako, ukasema bila kuinua macho: "Baba, mimi naondoka. Mama utamwambia lini?" Sikujibu. Nilikuwa na skrubu mdomoni. Lakini mtu mwenye skrubu mdomoni anaweza kuitema, na sote wawili tunajua hilo. Barua hii ndiyo jibu, ingawa nitazunguka kidogo kabla ya kufika, maana wazee tukiogopa jambo hupita njia ndefu.

Kesho unakwenda mgodini Ngaka kukaa ndani ya kontena na kuongoza malori ya makaa ya mawe kwa redio ya upepo. Nilikwenda kuiona ile barabara, hukujua. Nilimdanganya mama yako kwamba nafuata vipuri Mbinga. Lori lililojaa linashuka, tupu linangoja pembeni, na dereva akifika kwenye kona hana cha kumwonyesha mbele kuna nini isipokuwa sauti yako. Nilisimama pale vumbi jeusi likinijaa puani, nikatamani wakukatae. Hawakukukataa, na sababu naijua: una sikio. Sikio hilo ulilipata katika nyumba hii, kwa njia ambayo hakuna mzazi angemwombea mtoto wake.

Unajua nilivyokuwa. Mmatengo wa Litumbandyosi, mtu wa kulima kwa mashimo ya ngolo mlimani, nikaja kuoa ufukweni mwa ziwa bila kujua hata kuogelea. Wajomba zako wakaniita Mmatengo wa majini, na wengine wananiita hivyo mpaka leo. Nilikuwa fundi umeme tu wa mashine za kukoboa kahawa. Nilipopata leseni ya redio na kusimika mlingoti hapa juu kilimani, ndipo kwa mara ya kwanza watu wakanisikiliza. Wenzangu wa hewani, wa Iringa, wa Mwanza, hata Wazambia wenye Kiswahili cha kuokoteza, walikuwa wakiniambia: "Mzee Anselm, una sauti ya askofu." Nikavimba kichwa. Wewe na kaka yako mlikuwa mnaniigiza mezani, Ditrick akishika kijiko kama maiki na kutubariki sote, mpaka mama yenu anapaliwa na ugali.

Basi nikaanza kuipamba sauti. Nikaongeza besi, maana uaskofu uko kwenye besi. Nikapandisha nguvu ya maiki mpaka mshale ukalala upande wa pili. Nikaisogeza maiki hadi ikagusa mdomo. Mwisho nikaona hata kubonyeza kitufe ni kazi ya vibarua, nikafunga kile kifaa kinachoiwasha redio yenyewe mara kisikiapo sauti. Hapo nikawa naongea huku natembea chumbani, hedifoni yenye maiki kichwani na mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Kila aliyepita niliona anajua kwamba fundi yuko hewani.

Mtu hanifundishi leo kwamba redio ina mlango mwembamba. Besi ni tumbo, na tumbo likitangulia mlangoni pumzi inabaki nje. Herufi kama s na f ni pumzi tupu. Ndizo hufa kwanza, na kile kifaa cha kujiwasha hakiamki kwa pumzi. Kinangoja kishindo. Kikiisha kuamka, mwanzo wa neno umekwisha kupita. Wazambia wangu waliposifu uaskofu wangu walikuwa wanasifu muziki, kwa sababu tuliyokuwa tunasemezana yalikuwa salamu na mvua tu. Hakuna aliyekuwa anaweka roho yake juu ya maneno yangu isipokuwa mmoja.

Nayaandika haya kana kwamba hukuwepo. Ulikuwepo. Ila wewe ulikuwa ufukweni kule nyuma ya rasi, na mimi nilikuwa huku juu, na nadhani hatujawahi kuziweka asubuhi zetu mbili pamoja.

Ditrick alikuwa amepakia mahindi kwenye boti. Simu kule haishiki, ndiyo maana nilimpa redio ya mkononi, na ndiyo maana kila asubuhi aliniuliza kabla ya kutia mashine majini. Mwera ukianza kuvuma kutoka kusini, aliye ndani ya ghuba haujui mpaka umfikie, lakini mimi dirishani naona maji yakigeuka meusi mbali. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu sisi wawili, yeye macho ya chini na mimi macho ya juu. Akasema: "Baba, Ditrick hapa. Ziwa unalionaje? Ova." Nilisimama dirishani na mikono yangu nyuma. Ule weusi niliuona. Nikamjibu kwa sauti ile ile ya kusifiwa: "Si shwari. Ova."

Nikasikia kitufe chake kikibonyezwa mara mbili, tik tik. Katika nyumba hii tik tik ilikuwa na maana ya "nimeelewa, Baba". Niliwafundisha hivyo mkiwa wadogo, ili kuhifadhi betri. Nikaridhika, nikavua hedifoni, nikaenda kunywa chai.

Yaliyofuata sitakusimulia, ulikuwa karibu nayo kuliko mimi. Nakumbuka tu magunia yaliyoelea yamevimba, na vijana wakigombana nani amshike miguu. Nakumbuka saa yake ya mkononi ilikuwa bado inatembea, na mimi fundi nikajikuta naitazama ile saa badala ya kumtazama mwanangu, kwa sababu saa nilikuwa naielewa.

Matangani mzee mmoja aliniuliza, wala hakuwa na ubaya: "Anselm, si una redio wewe? Hukumwonya mtoto?" Wanaume wote pale kwenye moto wakanigeukia. Nami nikajibu kwa sauti ya askofu, ili na waliokuwa ndani wasikie: "Nilimwonya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Watu wakatikisa vichwa. Mmoja akasema vijana wa siku hizi. Mama yako alikuwa ndani, ameketi chini kwenye mkeka na wanawake wenzake, na dirisha lilikuwa wazi. Wewe ulikuwa unapita na ndoo ya maji. Ukaitua, ukanitazama, ukaiinua tena ukaenda zako. Ulilelewa usimbishie baba mbele za watu. Siku ile malezi mema yalinilinda mimi, hayakumlinda kaka yako.

Nimekosa mengi, Skola. Hilo la redio lilikuwa ujinga, na ujinga mtu hujifunza akatoka. Lakini kumtukana mtoto maiti yake ikiwa ndani, ili sauti yangu ibaki safi, hilo halikuwa ujinga.

Baada ya misa ya arobaini ulikuja chumbani na ile redio nyingine ya mkononi. Ukasema: "Baba, niambie vile ulivyomwambia Ditrick. Vilevile. Usibadilishe kitu." Nilitaka kukufukuza. Ukashuka hadi ufukweni, nikavaa hedifoni, nikasema. Ukapanda kilima ukihema.

"Umesema nini, Baba?"

"Nimesema si shwari."

"Mimi nimesikia shwari."

"Basi masikio yako yana nta."

"Rudia."

Nikarudia, safari hii kwa hasira, na hasira iliharibu zaidi, kwa sababu maiki iliyojaa ukiipigia kelele inakoroma tu. Ukapanda tena. Ukashuka tena. Mwisho ukaniambia nishuke mimi. Nikaenda nikasimama pale wanapovuta nyavu, redio sikioni, na wewe huku juu na hedifoni yangu kichwani, uyaseme maneno yangu yale yale. Nikaisikia sauti ya binti yangu ikisema bila mkwaruzo wowote, safi kabisa: "Shwari. Ova."

Nilikaa mchangani na suruali yangu ya misa. Uliponifuata nilisema neno moja: "Kumbe alinisikia." Nawe ukajibu kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza: "Alikusikia, Baba. Kilichotoka huku ndicho alichosikia."

Ditrick hakuwa mbishi. Alimtii baba yake mpaka majini.

Tangu siku ile nimekuwa nikiitazama lugha tunayosema kwa jicho la fundi. Kiswahili kinakataa mlangoni. Si, ha, usi, msi, zote zinakaa mwanzo kabisa. Ukikata mlango, kinachobaki ndani ni ndiyo. Kimatengo chetu kinakataa mwishoni, ukishasema yote, kana kwamba mzee ametafakari kwanza. Laiti ningemjibu kwa Kimatengo, kifaa kile kingemeza kipande kisicho na kazi na kukataa kwangu kungefika bila kukatwa. Lakini Ditrick alijua Kimatengo cha salamu tu. Ninyi wote wawili mnakijua hicho tu. Nilikuwa na haraka ya kuwa mtu wa ufukweni, nikaiacha lugha ya mama yangu huko Litumbandyosi pamoja na jembe.

Ule mwaka tulioshinda na redio ndio ulikufanya uwe ulivyo. Wewe chini na mimi juu, maneno yale yale, siha, shari, fika, sifiki, usije, uje. Tulipunguza besi mpaka nikasikika kama karani wa mahakama. Tukateremsha nguvu ya maiki. Ukanifundisha kuiweka pembeni mwa mdomo, vidole viwili mbali, niongee kuipita na si kuipulizia. Kile kifaa nilikitoa kwa koleo, nikakitupa chooni. Chumba kilikuwa na mwangwi wa bati, ukaleta blanketi la Ditrick, ukalining'iniza ukutani nyuma ya redio. Hukuniuliza. Niliongea nikilitazama, na sauti ikatulia.

Mama yako alikuwa akipita mlangoni. "Mna nini na hilo shwari lenu kila siku?" alikuuliza mara moja. Ukanitazama mimi. Nikasema tunarekebisha mitambo. Jioni ile aliifunika redio kwa kanga, na kila nilipomaliza kuitumia aliifunika tena, kama anayefunika kitu kinachonuka.

Nami nilimwona, Skola. Usidhani sikuona. Siku ya Marehemu Wote jumuiya yote ilikwenda makaburini na mafagio, yeye akasema kichwa kinamuuma. Watu wakimtaja Ditrick anasema, "Yule mtoto alikuwa mbishi," kisha anabadilisha habari. Mwanamke ambaye hata kuku wake akifa anamlilia. Nilimwona akimkasirikia mwanawe kwa neno langu, na kila siku niliposhindwa kulitoa lile neno lilizidi kuota mizizi. Wewe ulikuwa unajua na ukanyamaza, umebeba ndoo ile ile. Mtu asibebeshwe hivyo na baba yake.

Nasikia uchungu kukupa mawaidha baada ya haya. Lakini kwa huko uendako nina haki ya kukuonya hata kama sina heshima, kwa hiyo sikiliza.

Ukibonyeza kitufe, nyamaza kwanza. Vuta pumzi, kisha sema. Ukiogopa, shusha sauti, usiipandishe, maana woga unapenda kupiga kelele na kelele haieleweki. Wakikusifu kwamba una sauti nzuri, ingiwa na mashaka na uikague mitambo. Na usimwambie dereva "usishuke". Likikatwa, anasikia "shuke", naye atashuka na tani zake zote. Mwambie "simama". Simama ikikatwa kichwa inabaki "mama". Atakuuliza, "Mama gani?", na dereva anayeuliza mama gani hajaendelea kushuka.

Tena, usikubali tik tik ya mtu yeyote. Mwambie arudie kwa mdomo wake alichosikia, neno kwa neno, hata akikuona mshamba, hata akikutukana. Tik tik haikuambii ameelewa nini. Ningemwambia Ditrick, "Rudia, mwanangu," angesema, "Shwari, Baba," nami ningepiga kelele mpaka wavuvi wote wangegeuka. Ni neno moja tu, rudia. Nimelisema tangu siku ile mara nyingi sana, hapa chumbani, redio ikiwa imezimwa.

Sasa jibu lako.

Leo jioni ulipokwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, nilimfuata mama yako jikoni. Alikuwa na ungo mapajani, anachambua dagaa wa usipa wa kukufungia. Nilisimama mlangoni. Sikutaka kukaa, kwa sababu nikikaa nitatafuta habari nyingine.

"Mama Ditrick."

"Abee."

"Ditrick hakuwa mbishi. Nilimwambia si shwari, redio ikakata mwanzo, yeye akasikia shwari. Nilikuwa nimeiharibu mwenyewe kwa mapambo. Pale matangani nilisema uongo."

Mikono yake haikusimama. Alitoa kokoto, akaliweka pembeni. "Sema tena," akasema.

Nilidhani hajasikia. Nikasema tena, yote, polepole.

"Yaani mwanangu alitii."

"Alitii."

"Na Skola anajua."

"Anajua. Nilimfunga mdomo mimi."

Hapo ndipo mikono iliposimama. Kisha akasema, wala si kwa ukali: "Baba Ditrick, umenifanya nimnunie mtoto aliyekufa. Hata kaburi lake sijalipalilia. Majani yamekuwa marefu mpaka watu wananisema, na mimi nikasema moyoni, yaache yamfunike, si alikataa kusikia."

Nilifungua mdomo. Akainua kiganja, nikaufunga.

Aliuweka ungo chini. Akachukua jembe dogo la bustanini, akatoka. Kwenda makaburini si mbali, unajua, na giza lilikuwa bado halijashika. Nilitaka kumfuata nikaona sina pa kusimama pale. Aliporudi alikuwa na udongo hadi kwenye viwiko. Hakunawa. Aliingia moja kwa moja chumba cha redio, akaitoa ile kanga, akaikunja, akaniambia bila kunitazama: "Jumapili Skola akiita na redio yake ndogo, usiguse kitu. Nitaitika mimi."

Hajanisemesha tena tangu hapo, na sijui kama atanisemesha kesho kituoni. Ukituona tumesimama mbalimbali usijaribu kutusogeza. Hujavunja chochote. Mzigo uliokuwa wako umerudi kwa mwenyewe, nenda mikono mitupu.

Nimekaa sebuleni nakuandikia, na namsikia ng'ambo ya ukuta. Anajifunza. Redio imezimwa, anabonyeza kitufe na kusema, "Skola, mama hapa," anaachia, anabonyeza tena. Ila anabonyeza na kusema kwa pamoja, hasubiri. Nikienda kumwelekeza hatanisikiliza, na ana haki. Mfundishe wewe. Abonyeze, avute pumzi, ndipo aseme.

Na mpaka atakapozoea, Jumapili ukiita halafu ukasikia kipande tu, "mama" isiyo na kichwa, usimjibu tik tik. Simama hapohapo, umngoje. Ni yeye.

Baba yako,
Anselm